Prosesa imezeeka, ila ndo inayokubana kweli? Soma kabla hujaapgredi kwa ajili ya magemu

Kila gemu nzito ikitoka maswali ni yale yale, nina i7 ya Intel ya mwaka 2015, nina Ryzen za AMD zile za mwanzo kabisa, nibadilishe au bado inasukuma? Majibu nayo huwa mawili tu, mmoja atasema hiyo tupa imeshapitwa na wakati, mwingine atasema mi natumia ya zamani kuliko hiyo na nacheza freshi tu. Na wote wawili wanaweza wakawa wanasema ukweli kabisa, hapo ndo mtu anazidi kuchanganyikiwa, manake umri wa prosesa peke yake haukwambii kitu. Kinachokwambia ni kwenye mashine yako, gemu yako na monita yako, nani anamsubiri nani.

Hiyo ya kusubiriana tuiweke sawa kwanza kwa sababu ndo mzizi wa kila kitu. Chukulia fundi anajenga ukuta na pembeni yupo saidia fundi anayemletea tofali na udongo. Fundi ni GPU, yani kadi yako ya picha, saidia fundi ni prosesa. Kwenye kila fremu, yani kila picha moja inayopita kwenye skrini, prosesa ndo inapiga hesabu adui kasogea wapi, risasi imempata nani, gari likigonga ukuta linapinduka vipi, halafu inaandaa orodha nzima ya vitu vya kuchorwa na kuikabidhi GPU, na GPU ndo inachora, inapaka rangi, inaweka vivuli na mwanga. Saidia fundi akiwa mzito fundi anabaki kasimama na mwiko mkononi, na hata ukileta fundi mwingine hodari mara mbili ukuta haupandi haraka, tofali zinafika kwa mwendo ule ule. Ndo maana kuna watu wananunua kadi mpya ya bei mbaya, wanaichomeka, wanawasha gemu, fps (fremu kwa sekunde) zile zile.

Sasa saidia fundi awe na kasi kiasi gani ndo inatosha? Hapo monita ina neno. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 16.7 za kumaliza kazi yake kwa kila fremu. Ukitaka 144 inabakiwa na milisekunde 6.9 tu. Kazi haijapungua hata kidogo, muda ndo umekatwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo prosesa moja hiyo hiyo na gemu hiyo hiyo, mwenye monita ya 60Hz, yani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, ataapa iko vizuri na mwenye 144Hz ataapa imechoka, na hakuna anayemdanganya mwenzake.

Rezolusheni nayo watu wengi wanaielewa kinyume. Ukitoka 1080p kwenda 4K pikseli zinakuwa mara nne, kutoka kama milioni 2 mpaka kama milioni 8, lakini maadui hawaongezeki, risasi haziongezeki, magari barabarani ni yale yale. Mzigo wa GPU unapanda sana, wa prosesa unabaki karibu pale pale. Mtu wa 4K anaweza kukaa na prosesa kuukuu miaka na asione tofauti, na yule wa 1080p anayecheza gemu za ushindani kama CS2 au Valorant na anataka fps mia mbili na kitu ndo anayeumia mapema. Ila kuna mtego hapa, ukiwasha DLSS au FSR kwenye 4K kwa modi ya Performance, ndani kwa ndani gemu inachorwa kwa 1080p halafu inakuzwa, kwa hiyo GPU inapumua na mzigo unaofikia prosesa ni kama wa mtu wa 1080p. Usijihesabu wa 4K kama kila siku umewasha hiyo kitu.

Haya, kupima. Usibahatishe kabisa, kupima ni bure na hakuchukui hata nusu saa. Weka programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, washa ionyeshe juu ya gemu matumizi ya GPU, fps, joto la prosesa na matumizi ya kila thredi (mkondo wa kazi ndani ya prosesa) moja moja. Zima V-Sync (inafunga fps zisizidi kasi ya monita), toa na kikomo cha fps kama umeweka, la sivyo utapima kikomo badala ya mashine. Kisha nenda sehemu ngumu ya gemu, usipimie chumbani peke yako ukiangalia ukuta. Kwenye Baldur's Gate 3 nenda mjini kwenye sura ya tatu, kwenye Dragon's Dogma 2 ingia kwenye ule mji mkuu wenye watu wengi, kwenye Cities: Skylines II fungua jiji lako lililokwisha kukua. Kama GPU inasoma 97 mpaka 99 asilimia basi GPU ndo imebanwa, prosesa yako haina kesi, pesa yako iende kwenye kadi au ushushe setingi tu. Kama GPU inasoma 60 au 65 na fps bado ziko chini, basi fundi kasimama na mwiko.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuangalia asilimia ya prosesa kwa ujumla, anaona 40 anasema mbona prosesa imepumzika. Hapana. Prosesa ya kori 6 (kori ni kiini kinachopiga hesabu) na thredi 12, thredi moja ikijaa kabisa ni kama asilimia 8 tu ya jumla, na gemu nyingi zina thredi moja kuu ambayo ndo inabeba sehemu kubwa ya kazi na zingine zinaifuata. Hiyo moja ikifika mwisho gemu nzima imefika mwisho, hata kama nyingine kumi na moja zinasinzia.

Kipimo cha pili ninachokiamini kuliko chochote ni hiki, simama sehemu moja, soma fps, kisha shusha rezolusheni mpaka 720p bila kugusa kitu kingine na usome tena. Mimi nilifanya hivi na i5-6600K yangu, nimesimama katikati ya mji wenye watu, 1080p inasoma 54 na GPU iko 62 asilimia, nikashusha 720p picha ikawa ukungu mtupu, fps 55. Fremu moja tu imeongezeka. Nilijua hapo hapo kwamba hata mtu angenipa kadi kubwa kuliko zote duniani bado ningebaki na 54 ile ile pale mjini.

Na usiangalie wastani peke yake, angalia na ile asilimia 1 ya chini, yani fremu mbovu kuliko zote zinakaa wapi. Wastani unaweza kuwa 75, unaona raha, kumbe ya chini ni 28 na kila ukigeuka haraka gemu inashtuka. Prosesa kuukuu hasa zile za kori 4 na thredi 4 zinajionyesha hapo kabla hazijajionyesha kwenye wastani, maana gemu ikizijaza zote nne hakuna nafasi ya Windows, hakuna nafasi ya programu ya kuongea na wenzako, hakuna nafasi ya gemu yenyewe kuvuta ramani mpya kutoka diski, vyote vinagombania mlango mmoja. Ile 6600K yangu nikifungua tu kivinjari nyuma ya gemu sauti inaanza kukatika.

Lakini kabla hujaitia prosesa hatiani kuna washukiwa wengine wa kuwatoa kwanza, na hapa ndo roho inaniuma zaidi kwa sababu watu wanapoteza hela nyingi bila sababu. Jamaa yangu alikuwa na Ryzen 5 2600, amekata tamaa nayo, kashaanza kuchagua mpya. Tukafungua kesi, RAM ya 16GB iko kijiti kimoja, kimekaa peke yake. Prosesa ina njia mbili za kuongea na RAM na yeye anatumia moja. Tukaingia BIOS, yani setingi za msingi za mashine, XMP (inayoiacha RAM ikimbie kasi yake iliyoandikwa) imezimwa, kijiti cha 3200 kinakimbia 2133 tangu siku aliyonunua mashine. Tukaongeza kijiti kingine kinachofanana, tukavichomeka kwenye soketi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa kama kitabu cha mazabodi kinavyosema, tukawasha XMP, na ile kushtukashtuka aliyokuwa anailaumu prosesa ikapungua kiasi kwamba alicheza na hiyo 2600 zaidi ya mwaka mwingine. Ryzen za mwanzo zinapenda RAM ya kasi kwa sababu njia inayounganisha sehemu zake za ndani inakimbia kufuatana na kasi ya RAM.

Joto ni mshukiwa mwingine. Pesti iliyoko kati ya prosesa na hitisinki (kile chuma cha kuipooza) ikikaa miaka saba au nane inakauka, ukiifungua inapukutika kama chaki, na vumbi limeziba mapezi ya hitisinki mpaka hewa haipiti. Prosesa ikifika kama nyuzi 95 au 100 inajipunguzia kasi yenyewe isiungue na wewe unaona gemu inaanza vizuri halafu baada ya dakika kumi inalegea. Ukiona hivyo, inaanza freshi kisha inachoka, safisha kwanza na upake pesti mpya. Na kama gemu yako bado iko kwenye diski ya kuzunguka badala ya SSD, hilo nalo linaleta kukwama ambako hakuna prosesa itakayokutibu.

Kuna na kukwama kwa aina nyingine ambako ningependa ujue mapema, kule kwa gemu nyingi za Unreal Engine, unaingia eneo jipya au mlipuko wa kwanza unatokea na picha inaganda nusu sekunde. Mara nyingi hiyo ni gemu inatengeneza sheda (vijiprogramu vinavyoiambia GPU ichore vipi) pale pale unapocheza, au inapakia kipande kipya cha ramani. Prosesa mpya inaifupisha, haiiondoi, hata wenye prosesa kali kama 9800X3D wanaiona. Ukinunua prosesa kwa ajili ya kuua hiyo peke yake utasikitika.

Watu wananiuliza mbona prosesa za zamani zilidumu sana halafu ghafla zote zikachoka kwa pamoja? Kuna sababu na inaeleweka. i5-2500K ilitoka Januari 2011 ikiwa na kori 4, na i7-7700K ya Januari 2017 bado ilikuwa na kori 4, miaka sita prosesa za kawaida za Intel hazikusogea idadi ya kori. Wakati huo huo PS4 na Xbox One za mwaka 2013 zilikuwa na kori 8 lakini dhaifu sana, zile za Jaguar, za PS4 zinakimbia 1.6GHz, na gemu kubwa zote zilitengenezwa zikae ndani ya hizo. Ukiwa na 2500K ulikuwa juu ya meza. Machi 2017 Ryzen zikaja, kori 6 na 8 zikawa kitu cha kawaida, na Novemba 2020 PS5 na Xbox Series X zikatoka na kori 8 za Zen 2 zenye thredi 16, hizo ni kori za ukweli. Watengeneza gemu waliendelea kuzibeba konsoli za zamani kwa miaka miwili mitatu, walipoziacha tu, kiwango cha chini kikaruka, na prosesa za kori 4 zote zikabaki upande wa pili wa mto. Kwa hiyo kama una kori 4 thredi 4 na unataka gemu kubwa za sasa, mimi sikufichi, muda umefika. Kori 4 thredi 8 unaweza kusogeza kidogo kwa 60Hz. Kori 6 thredi 12 kuanzia Ryzen 3600 au i5-10400 kwenda mbele, pima kwanza, wengi wenu tatizo lenu liko kwingine.

Sasa tuseme umepima na kweli ni prosesa. Swali linalofuata ni soketi, yani sehemu ya mazabodi inayoipokea prosesa, kwa sababu kwa wengine kubadilisha prosesa ni kubadilisha kitu kimoja na kwa wengine ni kubadilisha prosesa, mazabodi na RAM kwa mpigo, pengine na hitisinki. Hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa.

Ukiwa na AM4 umekaa pazuri sana. Soketi hii Ryzen zilianza nayo 2017 na AMD walikuja kuruhusu hata bodi zile za kwanza za B350 na X370 zibebe Ryzen 5000 ukisasisha BIOS, angalia tu kwenye ukurasa wa bodi yako kama prosesa unayoitaka ipo kwenye orodha. Maana yake mtu wa Ryzen 1600 anaweza kutoa ile akaweka 5600, kori 6 thredi 12, RAM ile ile, bodi ile ile, na akapata mashine nyingine kabisa. Na ukipata 5800X3D ya mwaka 2022 au 5700X3D ya 2024 kwa bei inayoingia akilini, hizo zina kashe ya L3 ya 96MB wakati 5600 ina 32MB. Kashe ni sehemu ndogo ya kuhifadhia vitu ndani ya prosesa yenyewe, saidia fundi anakuwa na rundo la tofali miguuni pake badala ya kukimbilia stoo kila mara, stoo ndo RAM, na gemu zinapenda sana hilo kwa sababu zinarudia rudia data ile ile kila fremu. Kwa mtu wa AM4 mimi nashauri hivyo hivyo bila kuzunguka, usihame soketi kabla hujaimaliza hii.

Upande wa Intel angalia vizuri maana majina yanadanganya. Soketi ya 7700K inaitwa LGA1151 na ya 8700K inaitwa LGA1151 vile vile, ila 8700K haikubali kwenye bodi za zamani, ilihitaji bodi mpya. LGA1200 ni kizazi cha 10 na 11, LGA1700 ni cha 12, 13 na 14, na hii ya mwisho ina bodi za RAM ya DDR4 na bodi za RAM mpya zaidi ya DDR5, kwa hiyo mtu mwenye RAM nzuri ya DDR4 anaweza kuhamia i5 ya kizazi cha 12 kwa kununua prosesa na bodi tu. Hiyo ni njia nzuri ambayo inasahaulika, hasa tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipopanda vibaya. Ukinunua i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika kuwa makini, zile zilikuwa na tatizo la volti ambalo linaichosha prosesa polepole, Intel walianza kutoa marekebisho ya BIOS Agosti 2024, yanazuia isiharibike ila iliyokwisha kuharibika hayairudishi. Muulize muuzaji alisasisha lini na uijaribu kwa mzigo mzito kabla hujalipa.

Mwenye i5-6500 anayetaka kuruka kwenda i7-7700K iliyotumika kwa sababu soketi ni moja, naelewa kwanini inavutia, na kweli thredi 8 zitalainisha kidogo. Ila unaweka hela kwenye njia isiyotokea popote. Hapo kuna na suala la Windows, msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu, 7700K imeachwa nje. Na baadhi ya gemu zimeshaanza kudai zenyewe vitu vya usalama vya mashine, Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, Battlefield 6 inataka Secure Boot. Unaweza kukuta prosesa ina nguvu ya kutosha kabisa na bado umezuiwa mlangoni.

AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ni ya Septemba 2022, inabeba DDR5 pekee, na AMD wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na kuendelea. Kama unaanza upya kutoka kori 4, mimi ningeanzia hapa hata na prosesa ya kawaida tu ya kori 6, kwa sababu baada ya miaka mitatu minne utakuwa na nafasi ya kubadilisha prosesa peke yake kama wenzako wa AM4 wanavyofanya leo. Hivyo ndivyo nilivyofanya na ile 6600K, sikujaribu kuiokoa.

Kama mpango wako ni kununua GPU kwanza na prosesa baadae, sawa, ila chagua kadi ukijua itakaa na nani. Draiva ya kadi, yani programu inayoiendesha, nayo inakula muda wa prosesa na haziko sawa, Arc B580 ya Intel ya Desemba 2024 watu waliipima ikang'aa na prosesa mpya, halafu wakaiweka na za zamani kidogo kama Ryzen 2600 ikapoteza nguvu nyingi kwenye baadhi ya gemu. Na zile kadi ndogo zenye njia 4 tu za PCIe (kiunganishi cha kadi na bodi) kama RX 6500 XT zinaumia zikichomekwa kwenye bodi ya PCIe 3.0.

Siku ya kubadilisha kwenye AM4, sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, ukishaitoa na bodi haiijui mpya huna pa kuwashia. Halafu kabla hujazima mashine cheza gemu dakika kumi au kumi na tano pesti ipate moto na kulainika. Kisha zima, chomoa umeme, fungua hitisinki na usiivute moja kwa moja juu, izungushe kidogo kushoto kulia mpaka uisikie imeachia, ndipo uinyanyue. Prosesa za AM4 zina pini chini na kile kishikizo cha soketi hakiibani kwa juu, ukivuta kwa nguvu pesti imekauka inatoka nayo imening'inia kwenye hitisinki, na pini moja ikipinda utakaa na wembe na tochi ukiinyoosha taratibu usiku kucha.